Mchanga Katika Jeneza la Noémie

Sura ya Nne

"Za mwizi arobaini!" Bwana Numa Gaudet, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, alikuwa anapiga kelele tangu asubuhi, na sasa sauti ilikuwa imeanza kumkauka. "Miaka yote tunamwamkia, tunampa mkono, kumbe anatuuzia maiti zetu!"

Valsin Durel, mpelelezi wa polisi wa New Orleans, alikuwa amepiga magoti mbele ya kaburi la chama, kichwa na mabega yamo ndani ya tundu la safu ya chini, makalio yakiwatazama wanachama. Hapakuwa na namna nyingine ya kuchungulia.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mkwe wake Gaudet alifariki juzi, na ilibidi apatiwe mahali pa kulala. Kaburi la chama, kama makaburi yote ya mji ule ambao ukichimba shimo unakutana na maji, lilikuwa jengo la matofali lenye matundu kama tanuri la mikate. Jeneza huingizwa tunduni, mwashi huziba kwa ukuta mdogo, jua hufanya kazi yake, na ukipita mwaka mmoja na siku moja tundu hufunguliwa, mifupa husukumwa shimoni kule nyuma, nafasi hupewa mwingine. Zamu ilikuwa ya tundu la Noémie Picou, binti wa miaka kumi na tisa aliyechukuliwa na homa ya manjano Agosti ya mwaka uliopita. Mzee Osémé, mwashi wa makaburi, akabomoa ukuta, akavuta jeneza, akabandua kifuniko mbele ya watu. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Palikuwa na magunia ya mchanga.

Tena mkosi ulioje! Sikukuu ya Watakatifu Wote ilikuwa imekaribia, na kila familia ilikuwa pale inapaka makaburi yake chokaa. Walimshukia mzee wa watu kwa ngumi, kwa ndoo, kwa brashi. Polisi walipomtoa mikononi mwao alikuwa mweupe pe, kichwa hadi viatu, damu ikichora mistari katikati ya chokaa.

Valsin alitoka tunduni akajipangusa vumbi, kisha akaliinamia jeneza. Magunia yalikuwa manne: moja kubwa, mawili marefu membamba, moja dogo la duara. Yalilazwa yakafuata umbo la mtu na kufunikwa shuka ya kitani. Juu ya lile kubwa, pale ambapo mikono ya marehemu hukutanishwa, ilikuwapo rozari yenye msalaba wa fedha.

Aliinua rozari, akaitazama, akairudisha.

"Mwizi gani huyu," alisema, "anayeiba maiti akaacha fedha?"

"Hakuiona. Alikuwa gizani."

"Aliiona, Bwana Gaudet. Ameizungushia gunia mara tatu."

Valsin akapapasa kingo za magunia. Yalishonwa kwa uzi mnene uliopakwa nta, mishono imebanana, kila baada ya mishono michache sindano imerudi nyuma na kupigwa fundo. Upande mmoja tu ulikuwa umefumuka kidogo na mchanga ukavuja. Mtu mwenye haraka hakushona vile. Mshono ule Valsin aliwahi kuuona mahali, na alipoanza kukumbuka ni wapi, akajizuia. Alikata kipande cha uzi akakitia mfukoni.

"Nani alitaka lifunguliwe tundu hili na si jingine?"

"Kanuni. Lililotangulia kujaa linatangulia kufunguliwa." Gaudet aliteremsha sauti. "Tena Madam Zélie, mama wa marehemu, alinijia mara mbili analia. Tufungue jingine, mwanawe alale. Nikamwambia, mama, kanuni ni kanuni. Laiti ningemsikiliza! Asingeyaona haya."

"Kwani alikuwapo?"

"Alisimama hapo hapo ulipo. Hakulia, masikini. Amekufa ganzi."

Valsin aligeuka akatazama njia ya kati ya makaburi. Mwaka jana alipita njia hiyo na jeneza hilo begani. Walikuwa wanne, yeye mbele kushoto, analia bila kificho, kwa kuwa Noémie alikuwa kama dada yake. Pale kwenye kona walipoliinamisha ili lipite, alisikia kitu ndani kinachuruzika, chuuu, kama mchele unaomiminwa. Alidhani ni gauni la hariri. Leo, mbele ya mchanga ule, alihisi masikio yanawaka moto. Mpelelezi mzima!

*

Mahabusu palikuwa na unyevu na harufu ya mkojo. Mzee Osémé alikaa sakafuni, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipiga na wewe, au kuniuliza?"

"Kukuuliza."

"Basi uliza upesi. Kesho asubuhi napelekwa kwa hakimu, na kila mtu humu ananiambia hukumu yake imeshapikwa, imebaki kupakuliwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Wafungwa siku hizo walikodishwa kwenye makambi ya kujenga tuta la mto, na wenye makambi walikuwa hawashibi watu. Vijana wenye misuli walirudi kutoka kule wakiwa vilema, wale waliorudi. Mzee Osémé alikuwa na umri wa kuitwa babu na mgongo uliopinda kama ndoana.

"Baada ya mazishi ya Noémie, uliziba tundu lini?"

"Pale pale. Mbele yenu. Wewe si ulikuwepo?"

"Ungeweza kurudi, ukabomoa, ukajenga upya."

"Ningeweza," alisema Osémé. "Hapo ndipo waliponikamata. Kila mtu anajua mkono wangu ndio pekee ungeweza kuficha. Kuwa fundi nako ni kesi."

Valsin alichutama mbele yake. "Mzee, nitazame. Siku ile kulikuwa na jambo lolote lililokushangaza?"

Osémé alikuna chokaa iliyokauka shavuni.

"Harufu," alisema.

"Harufu gani?"

"Hakukuwa na harufu. Agosti, mwanangu. Mtu wa homa, amelala nyumbani tangu jana yake. Mimi hufunga kitambaa puani, na bado natapika nikifika kwangu. Siku ile nilifungua kitambaa. Nikasema moyoni, binti huyu alikuwa mtakatifu." Alicheka bila furaha. "Nikaenda zangu kula."

"Kwa nini hukuwaambia asubuhi?"

"Nimwambie nani? Mtu mwenye ndoo?" Akageuzia uso ukutani. "Mke wangu alikuja hapa mchana. Amefukuzwa benchi lake kanisani, mwanamke mmoja akalifuta benchi kwa kitambaa alipoinuka. Miaka arobaini nawazikia watoto wao. Valsin, mimi kufa siogopi. Naona aibu. Nitawekwa wapi nikifa? Nani atanijengea ukuta?"

Valsin akasimama, akagonga mlango atolewe.

*

Mtunza mlango wa chuo cha madaktari alikuwa Mwairishi mmoja anaitwa Heaney, mtu mfupi mwenye shavu lililojaa tumbaku. Mji mzima ulijua kwamba maiti zisizo na wenyewe zikiingia chuoni huingia kwa mlango wake.

"Heaney, unanunua maiti?"

"Mimi? Mimi nanunua viazi."

"Nipo kazini, usinichezee shere. Agosti ya mwaka jana. Msichana. Umeletewa na mwashi mzee wa makaburi?"

Heaney alitema tumbaku, akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeulizia theluji jikoni. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Agosti! Bwana askari, wewe umezaliwa mji huu kweli? Nani anasoma Agosti? Wakubwa wote wamekimbia homa, wako pwani wanakula chaza. Darasa linafunguliwa baridi ikiingia. Maiti ya Agosti, asubuhi anaumwa, jioni huwezi kukaa naye chumba kimoja. Ningemweka wapi, mfukoni?"

"Na kama ungeletewa bure?"

"Ningemfukuza aliyeleta, kwa ufagio."

"Ungeapa?"

"Kwa kaburi la mama yangu, ambalo lina mama yangu ndani." Akaacha kucheka alipoona sura ya Valsin. "Samahani. Kumbe ni mtu wako."

Valsin alitoka barabarani. Njia ilikuwa imefika ukingoni. Hakuna aliyeiba maiti ile, kwa sababu hakuna ambaye angeitaka. Na kama haikuibwa, basi haikuwamo. Jeneza lilitoka nyumbani na mchanga wake, na Valsin Durel akalibeba. Sasa ilimbidi aulizie ule uzi, na miguu yake haikutaka.

*

Gatini pamba ilikuwa imefika mlima kwa mlima. Ni majira yake: meli za moshi zinashuka mtoni zimezama mpaka sitaha, marobota yanabingirishwa, wachukuzi wanaimba, na kwenye viwanda vya kushindilia marobota, mvuke unapiga kelele kama ng'ombe anayechinjwa. Nyuma ya kiwanda kimoja kando ya mto walikaa wanawake wa sindano, wale wanaotia viraka marobota yaliyopasuka njiani. Mkubwa wao, Eulalie, alikuwa mnene, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Loo! Polisi amekuja kushona! Wanawake, msogeeni. Mwenye suruali iliyochanika aseme mapema, nisije nikamchoma."

Wengine wakaangua kicheko. Valsin alijilazimisha kutabasamu, akatoa kipande cha uzi chenye fundo.

"Mama Eulalie, huu ni mkono wa nani?"

Eulalie hakuhitaji hata kuushika. "Huo? Wa Zélie. Fundo la kurudi nyuma. Tunamtania kila siku, Zélie anashona robota kama gauni la bibi harusi! Pamba inakwenda Liverpool, nani kule atalitazama fundo lake? Hasikii. Wengine tunapiga mishono mikubwa twende tukale." Akavuta pumzi aendelee, kisha akaona Valsin hacheki. Akautazama tena ule uzi. "Umeutoa wapi, baba?"

"Pahala."

"Leo asubuhi makaburini?"

Valsin akarudisha uzi mfukoni. Eulalie alishika mdomo kwa mkono wake mnene, na kwa mara ya kwanza tangu aijue kazi ile, akanyamaza.

*

Madam Zélie Picou alikaa uani, nyumba ya vyumba viwili yenye mtini mlangoni. Watoto wa mtaa ule humwita mama wa ubatizo "Nenen", na Zélie alikuwa Nenen wake Valsin; yeye ndiye aliyemshika mikononi juu ya maji ya ubatizo. Mama yake mzazi alipofariki, ilikuwa mezani pa Zélie ndipo Valsin alipokaririshwa katekisimu. Amri ya nane yatukataza nini? Yatukataza kusema uongo na kumshuhudia mwenzetu uongo. Nenen hakuwa mtu wa kusifu. Jibu likiwa sawa, aliitikia kwa kichwa mara moja, kidogo tu, na kipande cha mkate chenye asali ya miwa kikafuata.

Meza ilikuwa ile ile. Kahawa ilikuwa tayari.

"Kaa," alisema. "Kunywa kwanza."

"Nenen, nani alimwosha Noémie?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Homa ile nani angekuja?"

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema Valsin. "Kwa hiyo nimekuja kwa mwosha."

Akaweka kipande cha uzi mezani, kando ya kikombe. Zélie alikitazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mweusi kuliko binti yake kwa mbali. Baba wa Noémie alikuwa Mfaransa mmoja wa ghala la sukari, aliyekufa zamani. Watu walipokuwa wakiwakuta wawili hao njiani walimdhania Zélie yaya.

"Umekwenda kwa Eulalie."

"Nimekwenda. Nilikwenda kwanza kila mahali pengine."

"Najua. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo." Alikaa. "Ulilia sana siku ile, Valsin. Nilitaka nikwambie. Nilikutazama umebeba, machozi yanakutoka, nikasema ardhi ipasuke."

"Nililia mchanga, Nenen."

"Ulilia mchanga."

"Yuko wapi?"

Zélie alipandisha aproni yake akajifuta midomo, ingawa hakuwa amekunywa kitu.

"Memphis. Ana mume, mnunuzi wa pamba. Ana mtoto wa kiume sasa, wa miezi michache. Mume anajua amemwoa yatima wa Kifaransa aliyelelewa na masista." Alisema haraka, kama mtu anayetembea juu ya makaa. "Ni Mzungu sasa. Ndiyo. Sema chochote unachotaka."

Valsin alikigeuza kile kipande cha uzi mezani.

"Nilimwambia, nenda basi, nenda kimya kimya. Akasema, Mama, nikienda hivi hivi watanitafuta. Binamu zangu wako melini, kila wiki wanapanda mto. Watanikuta gatini, wataniita Noémie! kwa furaha, mbele ya mume wangu. Lakini maiti haitafutwi. Ukiona mtu anafanana na marehemu, unapiga ishara ya msalaba, unapita zako. Akaniomba nimzike."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Mahali hapo ulipokaa." Sauti haikuwa na machozi, na ndiyo iliyozidi kuuma. "Siku ya kuondoka nilimsindikiza gatini. Kulikuwa na watu, wanawake wa Kizungu na miavuli yao. Hakunibusu. Nilimbebea mzigo hadi kwenye ubao wa kupandia meli, akanipa senti mkononi kama mtumishi, akasema asante, shangazi. Kama Wazungu wanavyotuita sisi weusi. Nikarudi hapa nikashona yale magunia. Nilishona vizuri, Valsin. Nilimshonea mwanangu. Nikamzungushia na rozari yangu."

"Ukadhani hayatagunduliwa."

"Nilidhani mwaka ukipita kitambaa kitaoza, Osémé atasukuma kwa fimbo bila kutazama, kama anavyofanya kwa wote. Kitambaa cha marobota!" Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Kazi yangu yote ni kuhakikisha hakipasuki."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anaimba. Valsin alijikuta anapiga vidole mezani, akaacha.

"Asubuhi walipompiga Mzee Osémé ulisimama pale."

"Nilisimama."

"Hukusema neno."

"Sikusema." Hapo akaufunika uso kwa aproni, na ndani ya kitambaa sauti yake ikawa ndogo kama ya msichana. "Najionea haya. Sina pa kuziweka haya hizi. Nilimwangalia mzee yule akipigwa kwa ndoo, nikawa namhesabia mjukuu wangu vidole vya miguu moyoni, mjukuu ambaye sitamwona, ili nisisikie."

"Kesho anahukumiwa kwenda makambini. Hatamaliza msimu."

"Najua!" Akateremsha aproni. "Na nikisema kweli? Kule sheria hairuhusu Mzungu kuoana na mtu mweusi, watafungwa wote wawili. Kama mumewe hatamuua kwanza. Na mtoto je? Mimi nitamtoa mwashi kwa kumtia nani ndani? Nifundishe wewe mwenye kusoma."

Valsin alisimama, akachukua kofia.

"Nipe hadi asubuhi," alisema Zélie.

"Mimi ni askari, Nenen. Hakimu akiniuliza nimeona nini..."

"Sikukuuliza wewe ni nani, mimi ndiye niliyekushika ukibatizwa. Nimekuomba hadi asubuhi."

Aliondoka. Kahawa yake aliiacha mezani haijaguswa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile, na wote wawili waliliona.

*

Mahakama ilijaa pomoni. Wanachama wa chama cha kuzikana waliketi safu tatu za mbele na mikanda yao ya zambarau vifuani, Gaudet katikati kama kinara. Hakimu, Mzungu mwembamba mwenye kikohozi, alikuwa na kesi nyingine ishirini na alitaka kula mapema. Mzee Osémé alisimama kizimbani na minyororo. Chokaa bado ilikuwa masikioni.

Valsin alikaa pembeni, Biblia ya viapo imewekwa mbele yake. Usiku kucha alikuwa ametafuta maneno ya kumtoa mzee bila kumtaja binti, na hakuyapata. Angeweza kusema Heaney amekana. Hakimu angemwambia kuna vyuo vingine. Angeweza kusema juu ya rozari na mishono, kisha angeulizwa mishono ya nani. Kila ukweli aliokuwa nao ulielekea Memphis.

"Mwashi," alisema hakimu, "una la kusema kabla..."

"Mwachieni."

Madam Zélie alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevaa nguo zake nyeusi za msiba, utaji usoni. Alitembea mpaka mbele. Watu walimpisha kwa heshima, mwanamke mmoja akamgusa bega, pole mama, pole.

"Mwachieni mzee huyu," alisema Zélie. "Hakuchukua kitu. Mwanangu nilimwuza mimi."

Hakimu aliweka kalamu chini.

"Mwaka jana kulikuwa na daktari wa meli, Mwingereza, meli inapakia pamba. Alikuwa anatafuta maiti ya homa, aipeleke kwao wakaisome. Alinipa dola ishirini. Akaja na pipa la pombe kali, akamtia humo, wakaondoka naye. Mimi nikajaza mchanga." Akavuta pumzi. "Nilikuwa na njaa ya fedha. Sina neno jingine."

Ukumbi ulipasuka. Mwanamke aliyemgusa bega aliruka nyuma akaufuta mkono wake kwenye sketi. Gaudet alisimama, uso umemvimba.

"Si kweli! Mheshimiwa, mama huyu amechanganyikiwa kwa uchungu. Alikuja kwangu analia tusiliguse tundu la mwanawe!"

"Nililia kwa sababu ya mchanga, Bwana Gaudet. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Siamini! Zélie tunayemjua sisi? Anamwonea huruma mwashi!" Akageuka, akamnyooshea Valsin kidole. "Huyu hapa. Mtoto wake wa ubatizo, tena ndiye mpelelezi. Alibeba jeneza. Yeye atuambie."

Mzee Osémé, ambaye siku ile ya mazishi hakusikia harufu ya kifo, alimtazama Zélie kwa lile jicho moja zima. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa, akatazama minyororo.

Hakimu alikohoa. "Mpelelezi, apa useme. Umefanya uchunguzi. Daktari huyo alikuwapo?"

Valsin aliweka mkono juu ya Biblia. Jalada lake la ngozi lilikuwa baridi. Aliwatazama wanachama, watu waliomlea, waliomzikia mama yake. Wote walikuwa wanamtazama wakimsihi aseme hapana. Zélie alikuwa ameinua utaji. Hakumsihi kitu. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mezani, akingoja jibu.

"Nilikwenda bandarini, mheshimiwa," alisema Valsin. "Meli ilikuwapo. Daktari alikuwapo."

"Na mama huyu?"

"Alimwuza mwanawe."

Sauti iliyotoka kwenye safu zile tatu haikuwa kelele. Ilikuwa kama watu waliopigwa tumboni kwa pamoja. Hakimu akagonga meza: mwashi afunguliwe; kuhusu mwanamke, sheria haina kifungu cha mama wa namna hii, wenziwe watajua la kumfanya. Kesi nyingine iitwe.

Wenziwe walijua. Gaudet alimkaribia, akamvua mkanda wa zambarau ambao Zélie alikuwa ameuficha ndani ya shali, akauvuta kwa nguvu hadi pini ikachana kitambaa.

"Jina lako limefutwa," alisema, na alikuwa analia. "Ukifa usitulete habari. Hutalala na sisi. La kuvunda halina ubani."

Wakaanza kutoka mmoja mmoja, na njia ya kutokea ilimpitia yeye. Wa kwanza alimtemea mate miguuni. Wa pili hakulenga miguu. Zélie hakukwepa, hakujifuta. Alisimama wima hadi wote wakapita, na Eulalie wa gatini, aliyekuwa wa mwisho, akapita bila kutema, macho yake chini.

Valsin bado alikuwa mahali pake, kiganja kimebaki juu ya kile kitabu kana kwamba kimegundishwa. Alitaka kuinuka, akamtazama kwanza Zélie kama mtoto anayeogopa amekosea jibu.

Nenen wake, mate ya watu yakimchuruzika shavuni, akamwitikia kwa kichwa mara moja, kidogo tu.